Mpango wa Hadi Alhamisi

Jumamosi, 5 Aprili

Fundi Msabah ameondoka na mguu wake. Binti yake alikuja kumchukua asubuhi kwa gari ya kukodi akampeleka kwake Makunduchi, kwa sababu kidonda cha sukari kimeanza kunuka, na daktari kasema akiendelea kupanda ngazi za nyumba hii mguu utakatwa. Kabla hajaingia garini aliniita. Nikaitika, "Naam, fundi."

"Bukuru, utawaongoza hawa mpaka nirudi."

Sikuuliza kwa nini mimi. Ubwa, mwenzangu wa kazi, aliniulizia, tena kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Fundi, kwa nini huyu? Mbara huyu hata pweza hajui kumla."

"Kwa sababu wewe ukipewa watu wawili utacheza nao karata," fundi akamjibu, akafunga mlango wa gari.

Basi mimi, mtu wa Kasulu, niliyeacha shule darasa la sita, niliyevuka maji kuja kubeba mawe msimu mmoja na msimu huo haujaisha hadi leo, nimekuwa msimamizi. Zamani nikichoka nilimlalamikia Msabah. Sasa malalamiko yote yanakuja kwangu na mimi sina pa kuyapeleka. Ndiyo maana naandika.

Jumatatu, 7 Aprili

Nyumba iko Kiponda, ya chini na ghorofa mbili, ya mawe na chokaa, ya marehemu babu yake Haitham. Haitham mwenyewe yuko Maskati. Anataka iwe nyumba ya wageni na ifunguliwe Julai. Maagizo yake yanakuja kwa simu, ujumbe wa sauti, na nyuma yake husikika watoto na televisheni.

Leo kasema tufungue dari la vyumba vyote vya juu kwa pamoja. "Boriti mpya zinapakiwa Dar wiki hii. Mtazipandisha kwa mkupuo mmoja, mtakuwa mshamaliza kabla ya mvua kushika."

Msabah hakufanya hivyo. Yeye alifungua chumba kimoja, akakifunga, ndipo akagusa cha pili. Tulimcheka kwamba nyumba ataimaliza akiwa maiti.

Mhandisi wetu ni Zuleikha, binti mdogo, viatu vyake havijapata chokaa bado. Aliusikiliza ule ujumbe mara mbili.

"Una hakika zinakuja?" akaniuliza.

"Mwenye nyumba kasema."

"Nimesikia alivyosema. Nakuuliza wewe."

Swali lile lilinikasirisha. Nikamwambia sisi huku ni watu wa kazi. Akasema basi tuweke maturubai karibu, akaondoka na tableti yake. Ubwa akasema, "Huyo hata akiota ndoto anaiota kwa vipimo."

Nilitaka Haitham aone kwamba chini yangu kazi inakimbia. Naliandika hilo kama lilivyo.

Jumatano, 9 Aprili

Tumefungua vyumba vyote. Bati lote chini, boriti zote kuukuu chini. Mabrouk, seremala wetu wa Kipemba, alifanya kazi bila kusema neno, na kwake hiyo si dalili ya kukubali. Juu sasa ni mbingu tu, na katikati umebaki ukuta wa kati umesimama peke yake kama karata iliyosimamishwa ukingoni.

Bi Mwatum kanipandia juu. Anakaa chumba cha chini tangu enzi za babu yake Haitham, na riziki yake ni mikate ya ufuta anayoichoma uani.

"Shikamoo Bi Mwatum."

"Marahaba. We msimamizi mpya, ufuta wangu umekuwa mchanga. Watu wakivunjika meno niwalete kwako?"

"Nisamehe, Bi. Leo tu."

"Msabah naye alikuwa akisema leo tu. Lakini yeye alikuwa na chumba kimoja cha kusemea."

Jumamosi, 12 Aprili

Jua kali. Boriti hazijaja.

Jumatatu, 14 Aprili

Haitham kaleta jipya. Kuna hoteli Kendwa inazitaka boriti kuukuu za kupambia baa yake ya ufukweni. Lori lilifika kabla ujumbe wake haujaisha kucheza. Mabrouk akaniambia, "Tubakishe baadhi." Nikamwambia mali si yetu. Tukapakia zote, nzito, nyeusi, ngumu kama chuma. Usiku mgongo umekataa kunyooka.

Kazi ya kuitikia naijua. Nimeitikia wenye mali tangu nikiwa kijana.

Jumatano, 16 Aprili

Boriti mpya haziji kabisa. Haitham kakaa na rafiki yake huko, rafiki kamwambia siku hizi watu wanaweka chuma, chuma hakiliwi na mchwa. Kafuta mzigo wa mbao, kaagiza chuma. Lini kitafika? "Karibuni, Inshaallah. Msisimame, endeleeni."

Tuendelee na nini?

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua ya kwanza. Ilikuja saa sita mchana kama mtu kamwaga pipa. Tulikimbia na maturubai, upepo ukatunyang'anya moja likaenda kuangukia paa la msikiti. Ubwa akalifuata kwa imamu akarudi na turubai na mahubiri.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani nililala wakati wa masomo. Nimempigia mke wangu. Kasema Kasulu maharage yamechanua. Nikasema hapa kazi nzuri.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Zuleikha kapanda na buti za plastiki, kapima ukuta wa kati kwa timazi. Sehemu ya juu imeinama kidogo upande wa kaskazini. Kasema ukuta huu nje ni mawe, ndani ni vifusi na udongo, ukinywa maji unavimba. Kasema pia zile boriti zilikuwa zinaushika kama mikono miwili, na sisi tumeikata yote kwa siku moja. Hakusema "nilikwambia". Ningependa angesema, nipate cha kumjibu.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Wenzangu walikwenda kuswali, nikabaki mwenyewe juu chini ya turubai nikiutazama ukuta. Chini Bi Mwatum alikuwa anachoma mikate. Moshi wake ulipenya kwenye nyufa za sakafu ukanifikia. Ukuta huu ukianguka utavunja sakafu hii, utavunja na ya chini yake, utaishia pale anapokaa. Sikuwahi kufikiri hivyo hadi leo. Nilikuwa nafikiri Julai.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda Makunduchi kumwona Msabah. Njiani nilijipanga: nitamweleza yote, naye ataniambia la kufanya, kesho nitalifanya, nitalala.

Nilimkuta kitini, mguu juu ya mto, anatazama mieleka kwenye televisheni. Nikaeleza. Alisikiliza huku jicho moja liko kwenye mieleka.

"Sasa tufanyeje, fundi?"

"Mimi nitajuaje? Mimi siko huko."

"Lakini wewe umejenga nyumba hizi miaka yote. Ulijua kwamba vyumba havifunguliwi vyote."

Akacheka, kicheko cha mtu anayeumwa. "Bukuru, skiza. Mimi sikuwa nafungua kimoja kimoja kwa kuwa najua kitu. Nilikuwa siwaamini wenye nyumba. Mwenye nyumba akikwambia mbao zinakuja, mimi nachukulia haziji. Nafungua kile tu nnachoweza kukifunga kwa vitu vilivyoko uani kwangu siku hiyo. Zikija, nashukuru. Wengine waliniita mvivu."

"Na ukuta?"

"Ukuta ni wako." Kisha akanguruma kumzomea mpiganaji mmoja. Binti yake akaniletea chai na boflo. Nilipoaga alinishika mkono kwa muda mrefu, wala hakunitazama.

Nilikwenda kutafuta jibu na nikarudi nimekasirika. Lakini ndani ya gari niliendelea kuwaza maneno yake. Kumbe mtu niliyemwona anajua yote alikuwa anajua jambo moja: asichokijua.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimempa Haitham ujumbe wa sauti, wa kwanza mrefu tangu nimjue. Nimemwambia ukuta unaegemea, nataka miti ya kuegemezea. Kajibu jioni: chuma kiko baharini, tusiingie gharama mara mbili, halafu je, tunaonaje juu pakiwa mgahawa badala ya vyumba?

Nimeusikiliza ujumbe ule nimekaa juu ya ndoo. Ubwa kasema, "Muulize huo mgahawa utauza maji ya mvua?"

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Mabrouk kaniaga. Kapata kazi Kendwa, hoteli ileile, kwenda kuzipanga boriti zetu kwenye baa yao.

"Unaniacha wakati huu?"

"Nnakuacha kwa sababu ya wakati huu. Kule kuna kazi ya mwaka. Hapa hata wewe hujui kesho kuna nini."

Nilimwambia maneno mabaya. Alifunga msumeno wake kwenye gunia akanyoosha mkono, nami sikuupokea.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Zuleikha kabandika vipande vyembamba vya kioo juu ya nyufa za ukuta, kila kimoja kwa chokaa huku na huku. Ukuta ukisogea kidogo tu, kioo kinakatika. "Macho yetu yanazoea," kasema. "Kioo hakizoei."

Jumapili, 4 Mei

Nimemtumia Mabrouk salamu. Ana watoto wanne na mama. Ningekuwa yeye ningeondoka mapema zaidi.

Jumanne, 6 Mei

Kioo kimoja kimekatika, cha juu.

Tumekaa mimi na Zuleikha juu ya ngazi, kwa kuwa ndipo pakavu. Nikamuuliza kwa hasira kidogo, "Wewe umesoma. Utaanguka au hautaanguka?"

"Sijui."

Nilimtazama. Tangu nianze kazi kisiwani sijamsikia mtu mwenye kalamu akitamka neno hilo.

"Sijui," akarudia. "Mvua ikikatika wiki nzima, unaweza kusimama mpaka chuma kije. Ikiendelea, hautasimama. Na mimi siwezi kuijua mvua. Kwa hiyo mimi nakaa nafikiri hivi: tukipata miti, tutaiweka wapi kwanza? Tukikosa, tutafanya nini? Chuma kikija ghafla, nani atakipandisha? Jambo moja kati ya hayo litatokea. Nataka lolote litakalotokea likute tumeshalizungumza."

Basi tukazungumza. Ubwa naye akaja akakaa na kikombe chake cha chai, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Aliuliza tu, "Na Bi Mwatum je?" Tulikuwa tumepanga miti, chuma, turubai na vibarua, na mtu tulikuwa tumemsahau.

Nimekosea kumhusu binti huyu. Nilidhani anakuja kutuonyesha anachokijua.

Alhamisi, 8 Mei

Zuleikha kapata miti ya mirunda ya kuazima kwenye jengo la mjomba wake Fuoni. Si mingi. Tumeegemeza ukuta upande mmoja. Mikono imechubuka yote. Mvua.

Ijumaa, 9 Mei

Vioo vitatu vimekatika tangu jana. Ukuta umefanya tumbo katikati, ukiweka kiganja unalihisi, baridi na laini kama tumbo la samaki.

Mchana Haitham kapiga simu mwenyewe, si ujumbe. Kasema chuma kimefika Dar na kitavuka wiki ijayo, huenda Jumanne. Nikamuuliza, huenda au hakika? Kasema, "Bukuru, mimi niko mbali. Wanavyoniambia ndivyo nnavyokwambia." Nikagundua sauti yake imechoka pia. Kumbe na yeye ana watu wanaomwambia "karibuni".

Tulikaa tena ngazini. Zuleikha alitaka tungoje: tuihamishe mirunda yote kwenye tumbo lile, tuombe Jumanne ifike. Mimi nikasema tuushushe.

"Kuushusha vipi?"

"Kwa mkono. Tuanze juu, jiwe kwa jiwe, mpaka usawa wa sakafu. Kisichokuwepo hakianguki. Kuta za nje ni nene, hii mirunda itazitosha."

"Hiyo ni ghorofa nzima ya mtu, Bukuru. Chuma kikija Jumanne, tutakuwa tumevunja nyumba nzima bure."

"Ndiyo."

"Na kisipokuja?"

"Ndiyo," nikasema tena.

Mvua ilikuwa inapiga turubai kwa namna ambayo ilibidi tupaze sauti. Mwisho akasema, "Ningekuwa na hakika ningekukatalia. Sina." Akashuka kwenda kuomba kibali cha kubomoa, akiwa na picha za vile vioo. Kabla ya magharibi alikuwa nacho, na jina lake ndilo lililoandikwa.

Nimempelekea Haitham ujumbe: kesho tunaushusha ukuta wa kati. Haijajulikana kama ameusikia.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike vizuri, maana siku hii sitaki kuisahau.

Nilikwenda kwa Bi Mwatum alfajiri, kabla hajawasha mkaa.

"Bi Mwatum, nnakuomba uhame kwa siku chache."

"Sihami."

"Ukuta wa juu..."

"Nasikia kila kitu, nyumba hii haina siri. Sihami." Akakaa juu ya kibao chake cha mbuzi, cha kukunia nazi. "Unajua, mwanangu, mie nilikuwa nakaa Mkunazini. Wakaja wakanambia hivyohivyo, Bi Mwatum toka kwa miezi mitatu, tunatengeneza. Niliporudi, kitasa kipya. Ufunguo wangu haukuingia. Nilisimama pale na ufunguo mkononi kama mwehu. Sitoki tena kwenye chumba chenye mlango wa kufungwa."

Ningeweza kumtisha. Ningeweza kumwambia utaanguka kesho, na labda angetoka. Lakini sikujua kama utaanguka kesho.

"Mie sijui kama utaanguka," nikamwambia. "Huenda ukasimama mpaka nizeeke. Ninalolijua ni kwamba mimi nitakuwa juu yake na nitakuwa naogopa, na nikiogopa huku wewe uko chini, nitatoa jiwe lisilo lake."

Alinitazama. Ubwa alikuwa nyuma yangu mlangoni, na ni yeye aliyesema, kama utani: "Bi Mwatum, kama shida ni mlango, basi nenda nao."

Nilimgeukia nimtukane. Lakini Bi Mwatum alikuwa ameshasimama. "Rudia."

"Nasema... uchukue mlango wako. Chumba kisicho na mlango nani atatia kitasa?"

"Ng'oeni," akasema.

Tukaung'oa. Mlango wa mvule, mbao mbili, mzito kama ng'ombe. Tukaupitisha uchochoroni, mimi mbele, Ubwa nyuma, vibarua wawili pembeni, na Bi Mwatum akifuata na jiko lake na sinia la ufuta, mvua ikitunyeshea sote. Watu walitoka madirishani. Mmoja akauliza, "Bi Mwatum, unaolewa?" Akajibu, "Naolewa, na mahari yangu ndiyo hii." Tukauegemeza sebuleni kwa jirani yake Bi Time, na Bi Mwatum akakaa mbele ya mlango wake kama mlinzi wa benki.

Kisha tukarudi. Sasa ilikuwa zamu ya kupanda.

Ubwa alisimama chini ya ngazi akasema hapandi. Hakufanya mzaha. "Ntafanya yote, yakhe, lakini huko juu ya ukuta sipandi. Mke wangu mja mzito." Nikasema sawa. Sikumlazimisha. Kama ningekuwa na mtu wa kumtuma ningemtuma. Sikuwa naye, nikapanda.

Juu hakuna kitu cha kushika. Nyundo haifai, inatikisa. Nilikaa kama mtu aliyepanda punda, nikachokonoa chokaa kwa tindo ndogo, nikalitoa jiwe la kwanza kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mtoto kitandani asimwamshe. Nikalishusha kwenye karai kwa kamba. La pili. La tatu. Baada ya hapo sikuhesabu. Zuleikha alikuwa chini anatazama vioo vilivyobaki na kuniambia kwa sauti: "Bado. Bado. Bado." Neno hilo ndilo lililonishikilia asubuhi nzima.

Baadaye nilisikia ngazi inalia. Ubwa. Akakaa upande wa pili tukitazamana.

"Nilifikiri hupandi."

"Nyamaza. Ukinisemesha ntashuka."

Jumapili, 11 Mei

Tumefanya kazi tena. Kanisani sikwenda. Ndani ya ukuta, sehemu ya juu, udongo ulikuwa uji kabisa, ukichota kwa mkono unatiririka. Nikamwita Zuleikha aone. Nilitaka tuone wote kwamba tumefanya sawa.

Jumatatu, 12 Mei

Tumefika chini ya tumbo. Hapo ndani pakavu. Pakavu kabisa, chokaa nyeupe, ngumu, kama jana imewekwa. Tukaendelea kutoa mawe.

Jioni tumefika sakafuni. Mvua imekatika.

Jumanne, 13 Mei

Chuma kimefika.

Lori lilisimama mwanzo wa mtaa saa nne asubuhi, siku ileile aliyoisema Haitham. Vijana wakakibeba mpaka mlangoni, vyuma virefu, vipya, vimepakwa rangi nyekundu. Nilikitazama kimelala pale barabarani na sikuwa na mahali pa kukiweka. Ubwa akakaa juu yake akawasha sigara. "Kingechelewa hata kwa adabu tu," akasema.

Bi Mwatum karudi na mlango wake. Tumeurudisha kwenye bawaba. Hakusema asante. Alifungua akafunga, akafungua akafunga, akaingia.

Jumatano, 14 Mei

Nimelala mchana kutwa. Homa.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua kubwa kuliko zote. Mwanakwerekwe imekuwa ziwa, wanasema. Tumeezeka bati la muda juu ya ghorofa ya kwanza, halivuji. Kila radi ikipiga najiuliza, kama ukuta ungekuwepo usiku huu? Na kila nikijiuliza naona pale palipokuwa pakavu.

Jumamosi, 24 Mei

Haitham anakuja. Kasema kwa ujumbe mfupi, bila watoto nyuma yake.

Jumamosi, 31 Mei

Kaja. Mtu mnene, mpole kwa sura, kanzu safi. Alipanda ngazi akatokea juu, akasimama palipokuwa sebule ya bibi yake. Mawe tumeyapanga safi pembeni, makubwa chini, madogo juu. Aliyatazama, akatazama anga.

"Mlishindwa kungoja siku tatu."

"Naam."

"Ukuta ungesimama siku tatu?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, na sitajua. Nusu yake ilikuwa uji, nusu yake ilikuwa jiwe."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu asubuhi. Lakini aliyefukuzwa ni Zuleikha, kwa sababu jina lake ndilo lililoko kwenye kibali. Nilisema uamuzi ulikuwa wangu. Haitham akasema, "Najua. Lakini wewe nikikutoa nitamweka nani? Nimeuliza watu watatu mjini, wote wamekataa kuigusa nyumba hii." Hiyo ndiyo heshima niliyoipata. Zuleikha alikuwa pale, alisikia. Akachukua kofia yake ya kazi, akampa mkono kila mmoja wetu, hata vibarua. Ngazini nikamfuata. Nikasema nisamehe. Akasema, "Mbona sote tulisema hatujui? Basi hili nalo lilikuwemo." Lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Haitham alikaa juu ya lile rundo la mawe kwa muda mrefu, kanzu ikaingia vumbi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Sasa mpango wako ni upi? Mpaka Disemba tutakuwa wapi?"

"Wa Disemba sina," nikasema. "Ninao wa hadi Alhamisi."

Nilidhani atacheka. Akatoa simu yake akaizima. "Haya. Nambie wa Alhamisi."

Nikamwambia. Chuma kiko hapa, tumeshakigusa. Bila ukuta wa kati kinaweza kukaa chumba kimoja tu, cha nyuma, chenye kuta zake. Tunafungua bati la muda la hicho tu, tunakifunga, halafu Alhamisi tunakaa tena tunatazama tuna nini. Akauliza maswali, na mengine sikuwa na majibu, nikasema sina.

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Tumeanza chumba cha nyuma. Mgongo unauma palepale. Nimempigia Zuleikha, hajapata kazi bado. Kaniuliza ukuta wa nje wa kaskazini unaendeleaje, nikamweleza, tukaongea kwa muda mrefu kama vile bado tuko ngazini. Nilipokata simu nikaona aibu. Nimeamua kila Jumatano nitampigia. Haitoshi, najua.

Jumanne, 3 Juni

Asubuhi Bi Mwatum alikuwa uani, kidevu juu, anatutazama. Nikasimama. Tangu Aprili, kila aliponitazama hivyo nilimwona ana swali moja tu, kama ukuta utaanguka au hautaanguka.

"Bukuru! Kesho mnafanya nini huko juu?"

"Bado sijajua, Bi. Nitakwambia alfajiri."

"Basi nambie mapema," akasema. "Mie nna nguo za kuanika."